Kuichambua 61,741,120 kwa kalamu na karatasi

Mpwa wangu anayesoma skuli hapa Chake aliniuliza utajuaje namba kubwa ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, au la. Tulichukua idadi ya watu wa Tanzania kwa sensa ya 2022: 61,741,120. Ya Zanzibar peke yake, 1,889,773, iache kwanza. Hakuna namba tasa chini ya 100 inayoigawa, utachoka bure.

Hatua ya 1. Ondoa sifuri ya mwisho, yaani 2 × 5. Inabaki 6,174,112.

Hatua ya 2. Gawa kwa 2 mpaka ikatae. Utafika 192,941.

Hatua ya 3. Tarakimu zake jumla ni 26, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 7 gawa kawaida tu. Zile kanuni za mkato za saba mimi sizipendi, zinakula muda kuliko kugawa kwenyewe. Unapata 27,563. Jaribu 7 tena kabla ya kusonga mbele: baki 4.

Hatua ya 4. Hapa ndipo jioni nzima inapoishia. Kijana alipiga kipeuo cha pili cha namba ya mwanzo, akapata 7,857 na nukta, akataka kujaribu namba tasa zote mpaka huko. Sivyo. Mpaka unafuata kilichobaki. Kipeuo cha 27,563 ni 166 na nukta, kwa hiyo mwisho wako ni 163: namba mbili zote zikizidi 166, zao lao litapita 27,563.

Jaribu namba tasa peke yake. Usihangaike na 21 wala 33, kwani 3 imeshakataa. Na andika baki pembeni ya kila moja: 11 baki 8, 13 baki 3, 17 baki 6. Ukiitwa chai, ukirudi unajua ulipoishia. Kikokotoo cha simu siku hizi kila mtu anacho, lakini kwa 37 kinatoa 744.9 na nukta nyingi, na mtu mwenye haraka anaandika 745 akidhani kapata.

43 inaingia sawasawa: 641. Sasa pima mpaka upya. Kipeuo cha 641 ni 25 na nukta, na namba tasa zote chini ya hapo zimeshaikataa 27,563, basi haziwezi kuigawa 641. Ni tasa, acha hapo. Tena ni mashuhuri: mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba 641 inaigawa 4,294,967,297, namba ambayo Pierre de Fermat aliidhania tasa.

Hatua ya 5. Andika 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641, kisha zidisha kurudi nyuma. Usiruke hili.

Hatua ya 6. Sifa nyingine sasa zinajitokeza zenyewe. Ni shufwa. Si mraba, maana 5 imo mara moja tu. Kila kipeo (idadi ya mara namba tasa ilivyomo, kama 6 ya 2⁶) ongeza moja, uzidishe: 7 × 2 × 2 × 2 × 2, vigawo 112. Vijumlishe vyote bila yenyewe, unapata 110,458,688, kubwa kuliko namba yenyewe, kwa hiyo si timilifu, yaani namba iliyo sawasawa na jumla hiyo. Wala haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, kwa sababu 7, ambayo ukiigawa kwa 4 inabakisha 3, imo mara moja. 43 nayo vivyo hivyo.