Somo: Mbaazi ziwe nyingi, wali uwe kidogo

Assalam aleikum jamaa zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Juzi nilikaa jikoni kwa dada yangu, hapa Ngamiani, Tanga, akipika mbaazi. Alikuna nazi, akaikamua, akachuja tui, kisha machicha yote akawamwagia kuku. Mafuta ya nazi yakaingia chunguni, nyuzinyuzi wakala kuku. Tunayafanya hayo hayo kwenye mahindi tunapoyakoboa, na kwenye machungwa tunapoyakamua.

Nyuzinyuzi, au makapimlo, ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Mama yetu alipokutwa na presha na lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) nyingi aliambiwa apunguze uzito, basi. Hakuelezwa ale nini. Akawa anashinda njaa hadi anashikwa na kizunguzungu. Sitaki mzazi wa mtu mwingine ateseke hivyo.

Zinavyosaidia moyo ni hivi. Ule utelezi wa bamia mnaujua? Nyuzinyuzi za namna hiyo zimo pia kwenye maharage, kunde na matunda. Zikifika tumboni hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu, kwa hiyo huichota kwenye damu. Tena chakula cha namna hii hushibisha kwa muda mrefu, na ndipo uzito unapodhibitika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet ulionyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi hufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wanaokula kidogo.

Hatua ya 1: Geuza sahani. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina takriban gramu 11 za nyuzinyuzi. Kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 1. Sisi hupakua mlima wa wali na kijiko cha mbaazi juu yake. Pakua mbaazi kwanza, wali ufuate. Asubuhi vilevile: andazi moja na bakuli la mbaazi, si maandazi manne na mchuzi wa kuchovyea.

Hatua ya 2: Pika mbaazi vizuri. Hapa ndipo wengi hushindwa, kisha husema mbaazi zinawachafua tumbo. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, osha, tia maji mapya. Chemsha hadi ukiibonya moja kwa vidole viwili ipondeke bila ubishi. Magadi huivisha haraka, ila yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, na mwenye presha ayaepuke. Tui tumia jepesi; kasimele, lile tui zito la kwanza, ipunguze sana, maana mafuta yake hupandisha lehemu mbaya. Machicha usiyatupe yote: kaanga kidogo bila mafuta, tia kijiko kimoja kwenye uji. Kijiko kimoja tu, kwa sababu nayo bado yana mafuta.

Hatua ya 3: Kula dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa. Kabla ya kwenda mashineni chagua mahindi kwenye ungo, toa yote yenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu huo. Hili nalisisitiza: kwenye dona hakuna ganda linaloondolewa, kwa hiyo sumu iliyomo utaila nayo. Saga kidogo kidogo, unga wake huwahi kuchacha.

Hatua ya 4: Mboga kila mlo, iwe mchicha, kisamvu, matembele au bamia. Na mapera! Tunawaachia watoto na ndege, kumbe ni katika matunda yenye nyuzinyuzi nyingi kabisa.

Hatua ya 5: Nenda taratibu. Ongeza kitu kimoja kwa wiki, na maji unywe ya kutosha, la sivyo choo kitakuwa kigumu zaidi ya mwanzo.

MASWALI YENU

*Mama mmoja wa Makorora: Machungwa ya Muheza nakamua juisi kila siku. Si yale yale?*
Hapana mama. Ukichuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari inaingia kwenye glasi. Menya ule pamoja na nyama yake. Chungwa moja lina takriban gramu 3, na hutakula matano kwa mkupuo kama unavyoyanywa.

*Kaka wa Pongwe: Nimeanza kunde, tumbo linajaa gesi hadi naona aibu kazini.*
Pole kaka. Vijidudu vya utumbo mpana ndivyo vinavyozichachua. Punguza hadi nusu kikombe, loweka muda mrefu zaidi, vumilia wiki mbili tatu. Wengi huzoea.

*Dada wa Chumbageni: Baba anatumia dawa za presha. Akila hivi aache?*
Asiache hata kidonge kimoja, dada. Chakula kinasaidiana na dawa. Anayepunguza dozi ni daktari wake, baada ya kumpima.

*Bibi wa Duga: Mjukuu wangu, mimi nina maradhi ya figo. Nile?*
Shikamoo bibi. Wewe usianze kwa somo hili. Maharage, mboga na matunda mengi yana madini ya potasiamu, na figo zikichoka hushindwa kuitoa. Mwulize daktari wa kliniki yako kiasi chako, umtajie na chakula chenyewe: mbaazi, kunde, mchicha. Akikuandikia, nitumie nikupangie mlo wa wiki.