Pedeli ya klachi kulegea baada ya kufunga klachi mpya

Wakuu, gari nyingi ninazoletewa hapa Kizota na tatizo hili, mwenye gari ameshaambiwa masta (pampu ya oili ya klachi iliyo juu, kwenye pedeli) imekufa. Usinunue kitu kwanza.

1. Kanyaga haraka haraka mara tano au sita. Pedeli ikipanda na kukaza, kuna upepo ndani ya oili. Ukiikandamiza bila kuachia nayo ikazama polepole, wakati nje hapavuji popote, hapo kweli raba za masta zimechoka.

2. Ingia chini, kagua slevu, ile pampu ndogo kwenye gia boksi ambayo pistoni yake inasukuma kijiti na foki ya klachi. Gia boksi iliposhushwa, slevu iliachwa ikining'inia. Mtu akikanyaga pedeli wakati ule, pistoni inasukumwa nje na upepo unaingia. Funua mpira wa vumbi: ukikuta oili ya breki, badilisha raba. Kijiti nacho kiwe kimekaa sawasawa kwenye foki.

3. Toa upepo. Futa vumbi kwenye kifuniko cha chombo cha oili kabla ya kufungua, maana vumbi letu la Dodoma mnalijua. Tumia oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoelekeza, kutoka chupa mpya, kwa sababu iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu. Msaidizi akanyage, ashikilie. Fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye slevu) robo mzunguko, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi na kazi yote ni bure. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Usiache chombo cha juu kikauke.

Bado imelegea? Fungua slevu bila kuchomoa paipu yake, iinamishe upande wa paipu uwe juu, nipeli ikiwa imefungwa, kisha sukuma pistoni ndani taratibu kwa mkono. Upepo uliojificha utapandia kwenye masta.

Nawasihi, msirefushe kijiti cha pedeli ili kuficha ulegevu. Pedeli ikikosa uchezaji kidogo pale juu, klachi mpya itateleza, na ukipanda mlima Sekenke utaisikia harufu yake.

Swali: Pedeli sasa imekaza vizuri, ila rivasi bado inakwaruza.
Jibu: Pima kijiti cha slevu kinatembea kiasi gani. Kama kinatembea vya kutosha, pole ndugu, gia boksi ishuke tena: huenda pleti ya klachi imefungwa kinyume au foki imetoka kwenye egemeo.

Swali: Fundi, niko Kibaigwa peke yangu, sina wa kunikanyagia.
Jibu: Vesha nipeli mpira mwembamba, ncha yake izame kwenye chupa yenye oili kidogo. Fungua, iache ishuke yenyewe huku ukiongeza juu, mpaka mapovu yaishe. Funga ndipo uchomoe mpira. Ikidondokea bodi, mwagia maji hapo hapo, inakula rangi.