Namna ya kuendesha darasa la simu kijijini Kigoma

Mafunzo mengi ya simu na intaneti hupangwa kwa kijana anayesoma vizuri, mwenye simu janja, anayekaa karibu na umeme. Bibi asiyejua kusoma, mvuvi mwenye kitochi (simu ndogo ya vitufe) na mtu asiyeona hukumbukwa mwishoni, ratiba ikishabanwa. Geuza mpango huo. Kipindi kikiwafaa hao watatu, kijana mwenye simu janja naye atafaidika. Kikipangwa kwa ajili ya kijana, hao watatu hawatarudi wiki ya pili.

Kabla ya kuita watu, zunguka vitongojini na mwenyekiti wa kitongoji au kiongozi wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), uulize swali moja tu: ni jambo gani la simu unalolazimika kumwomba mtu mwingine akufanyie? Utasikia kuangalia salio, kutoa hela kwa wakala, kununua umeme, kusoma ujumbe wa ruzuku ya mbolea, kujibu mtoto aliyeko Dar es Salaam. Jambo litakalotajwa na wengi ndilo somo la kwanza. Usianze na historia ya kompyuta wala sehemu za kibodi. Mtu aliyeacha shamba lake anataka kuondoka siku hiyohiyo akijua kitu kimoja cha kumsaidia.

Saa na mahali

Ratiba ifuate kazi za watu. Kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Vipindi vyao viweke siku hizo. Wanawake wanaoanika dagaa wana kazi ya kutandaza asubuhi na kukusanya jioni, na hupata nafasi mchana katikati. Kasulu, Buhigwe na Kibondo epuka siku ya mnada, na kozi ndefu isubiri mvua za masika na palizi zipite.

Wanafunzi wanane wanatosha, pamoja na wasaidizi wawili, kwa saa moja na nusu. Wakizidi hapo, walio nyuma watakaa kimya. Msaidizi mmoja awe anajua Kiha vizuri, hasa nje ya mji: wazee wengi wanakisikia Kiswahili lakini swali la aibu hutoka kwa lugha ya nyumbani.

Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa mazungumzo na kibaya kwa simu, maana mwanga wa nje huficha kioo chote. Darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi ni bora. Kagua ngazi: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa karibu mita 1.8, yaani mara 12 ya kimo, ili kiti cha magurudumu kipande bila kubebwa. Fundi anaweza kuijenga kwa udongo ulioshindiliwa vizuri na mawe pembeni.

Umeme

Simu yenye betri ya mAh 4,000 huhitaji takribani Wh (wati-saa) 15 kujaa, na ukihesabu upotevu weka 20. Simu kumi ni Wh 200. Paneli ya sola ya wati 100 hutoa kama Wh 350 siku ya jua zuri, na pungufu sana siku za mawingu, kwa hiyo iunganishe na betri ya volti 12, Ah 100. Betri ya risasi (lead-acid) usiitumie zaidi ya nusu: ikishuka chini ya volti 12.2 ikiwa imetulia, acha kuchaji simu. Betri nyingi za vijijini hufa mapema kwa sababu ya kukaushwa kila usiku, kisha lawama humwangukia muuzaji.

Paneli itazame kaskazini, kwa kuwa Kigoma iko kusini ya ikweta, na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Tumia waya wa milimita mraba 4 na usizidi mita 10. Weka fyuzi ya ampea 15 karibu na betri. Chaji simu kwa chaja za USB zinazochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 za betri. Ukipitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unapoteza umeme bure.

Kutayarisha simu janja

Fanya haya kabla ya kipindi, mahali penye mtandao wa uhakika. Kwenye Play Store zima programu kujisasisha zenyewe. Simu nane zikiunganishwa kwenye hotspoti moja bila kuzima hiki kitu, kila moja huanza kupakua masasisho yake, na bando la GB 1 huisha kabla hujamaliza salamu. Kwenye WhatsApp ingia sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote za kupakua picha, sauti na video zenyewe. Programu au video za mafunzo zirushe simu kwa simu kwa Quick Share, njia ya Android ya kutuma mafaili kwa simu iliyo karibu, ambayo haili bando.

Kisha ongeza ukubwa wa maandishi, weka kioo kikae dakika 5 au 10 bila kuzimika, na kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) refusha muda wa kubonyeza na kushikilia. Hili la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo huleta fujo nyingi. Mkono mgeni hukaa juu ya alama muda mrefu, simu ikadhani umeshikilia, alama zikahama au kufutika, na mwenye simu akaamini ameiharibu.

Mikono ya kazi ina tatizo jingine. Ngozi kavu na ngumu ya jembe au ya nyavu haitambuliwi vizuri na kioo. Mwambie alowanishe kidole kidogo, agonge kwa nyama ya kidole badala ya ukucha, na aondoe protekta nene iliyopasuka. Aliyetoka kukamua mawese afute mikono kwanza.

Sheria moja kwa wasaidizi wote: mikono nyuma. Msaidizi anayesema "lete nikuonyeshe" na kuichukua simu amemaliza somo yeye, si mwanafunzi. Aelekeze kwa maneno, na akishindwa agonge kwenye simu yake mwenyewe pembeni.

Kitochi na fedha

Usimdharau mwenye kitochi, kwani karibu kila huduma ya fedha inapatikana humo. Chora menyu ya mtandao wake kwenye karatasi kubwa, hatua kwa hatua: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Wafanye mazoezi kwa karatasi mara tatu kabla ya kushika simu. Sababu ni kwamba menyu hukatika mtu akichelewa kujibu, na wengi hudhani hela imepotea. Wafundishe kuwa menyu ikikatika kabla hujaingiza namba ya siri, hela haijaondoka. Ikikatika baada ya hapo, angalia salio kwanza, usirudie haraka.

Asiyejua kusoma mara nyingi anazijua tarakimu kwa sababu ya hela. Mwachie tarakimu ziwe njia yake: "moja, kisha nne, kisha tano". Kila mtandao hubadilisha menyu mara kwa mara, hivyo karatasi ikaguliwe kila mwezi.

Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiandikwe nyuma ya simu, na asiambiwe wakala hata akiwa shemeji. Hapa utakuta wengi wamezoea kumkabidhi wakala simu na namba pamoja. Usiwagombeze, wape zoezi la kutoa hela kidogo wenyewe, msaidizi akiwa mbali kidogo.

Kila mwanafunzi apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Mama ambaye laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume au mtoto hana uwezo wa kuirudisha mwenyewe simu ikipotea, na hela zilizomo kisheria zinasomeka kwa jina la mwingine. Jambo hili litatuliwe kabla hajawa mweka hazina wa kikoba.

Utapeli

Tenga kipindi kizima. Andika ubaoni ule ujumbe unaojulikana, "ile hela tuma kwenye namba hii", na ule wa "nimekosea kutuma, nirudishie". Wafundishe mambo mawili. Ujumbe wa kweli wa muamala hutoka kwa jina la huduma, si namba ya mtu binafsi. Hata hivyo jina pekee halitoshi: angalia salio lako kwa menyu kabla ya kuamini. Anayedai amekosea aelekezwe apige 100, huduma kwa wateja wa mtandao wake. Wewe usimrudishie kwa mkono wako. Ujumbe wa utapeli hutumwa kwenda namba 15040. Wafanye wote hatua hii darasani, kwa kuwa namba iliyosikika tu husahaulika.

Asiyeona, asiyesikia

Kwenye simu ya Android, shikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu, TalkBack, programu inayosoma kioo kwa sauti, iwake. Kama haiwaki, washa njia hiyo ya mkato kwenye mipangilio ya ufikivu. Hakikisha sauti ya Kiswahili ya Google imepakuliwa mapema, la sivyo simu itasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza na mtu atakata tamaa. Somo la kwanza ni mambo matatu tu: kidole kimoja kupapasa, kugonga mara mbili kufungua, vidole viwili kusogeza ukurasa. Anayeona asijaribu kumsaidia kwa kugonga mara moja. TalkBack ikiwa imewaka mguso wa kawaida haufungui kitu, na ndipo watu husema simu imeganda. Spika ya masikioni, kwenye sikio moja, ni lazima, ili namba ya siri isisomwe hadharani. Kwenye kitochi aanze na kitufe cha 5, chenye nundu, apime vingine kutoka hapo.

Kwa asiyesikia, tafuta mtu anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, na usizungumze wakati watu wanatazama simu zao. Onyesha kwanza, simama, kisha wafanye. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu: wakae mgongo kwa dirisha, maandishi makubwa, mandhari meusi ya kioo.

Kupima

Baada ya wiki nne usitoe mtihani wa karatasi. Rudi kwenye lile jambo alilosema anamwomba mwingine, mpe simu yake, ondoka mita tano, uone kama analimaliza peke yake. Andika jina, jambo, na ndiyo au hapana. Namba za NIDA, namba za siri na namba za akaunti zisiingie kwenye daftari hilo kabisa, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za watu, na daftari la darasa hupita mikono mingi. Waliokosa vipindi viwili mfululizo wafuatwe nyumbani na kuulizwa sababu. Mara nyingi utakuta simu ni ya familia nzima na mchana huwa na mtu mwingine: hapo badilisha saa ya kipindi, au mpe mazoezi kwa simu ya darasa akiweka laini yake mwenyewe.