Ukiwa na Jumamosi tupu Arusha

Mnara wa Saa utaupita tu, na wauza picha watakufuata hadi uchoke. Panda daladala za Tengeru, barabara ya Moshi, uwahi gulio asubuhi. Kaa kwa mama ntilie mmoja, agiza mtori, umtazame anavyomenya ndizi kwa kisu kifupi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Bei ya parachichi usiulize kwa Kiingereza! Ukishashiba, ulizia makaburi ya Wapolandi: wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili waliofikia hapa mwaka 1942. Ziwa Duluti nalo liko jirani. Beba chenji, na simu iweke mfuko wa mbele. Kwenye gulio watu wanabanana kwelikweli.