Hoho inanyauka na udongo umelowa? Onja maji ya kisima

Wenzangu mnaolima bustani huku Bagamoyo upande wa pwani: ukiona hoho imelegea na udongo bado umelowa, usikimbilie ndoo. Chota maji ya kisima, weka tone ulimini uone kama yana chumvi, kisha tema.

Mzizi hauvuti maji kama mtu anavyovuta dafu kwa mrija. Maji hupenya yenyewe kwenye vinyweleo vyembamba vilivyo karibu na ncha ya mzizi, kwa sababu mle ndani mna madini na sukari nyingi kuliko kwenye maji ya udongo. Ndiyo osmosisi tuliyoikariri shuleni. Yakishaingia hupanda kwa mirija ya zailemu, yakivutwa na majani yanayopoteza mvuke juani. Sasa udongo ukijaa chumvi, ile tofauti inapungua, hata inageuka. Mmea una kiu huku miguu iko majini.

Mbolea nayo ikizidi hufanya kama chumvi, wengi hatuitazami hivyo. Mimi niliwahi kumwaga urea konzi nzima kwenye shina. Siku chache baadaye kingo za majani zilikauka kama zimepigwa pasi, nikamlaumu aliyeniuzia, bure tu. Siku hizi natia nusu kizibo cha soda, mbali kidogo na shina, nafukia, namwagilia.

Kisima kikiwa cha chumvi, kinga maji ya mvua kwa ajili ya miche. Ukipata maji yasiyo na chumvi ya kutosha, mwagilia mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi, mradi tuta lisituamishe maji.