Samaki wa kuweka kwenye tanki dogo lenye mimea

Kama tanki lako ni la lita 60 hivi na umeshapanda majani, usikimbilie samaki, acha filta izungushe maji wiki 4 mpaka 6 bakteria wazuri wajijenge, ukipima amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu kwenye maji) zikisoma sifuri ndo uanze. Mi naanzaga na neoni tetra 8 au 10, wana sm 3 tu, wanaishi kikundi, na ule wekundu wao kwenye kijani cha majani aisee unapendeza mno. Chini weka vikambale vidogo vya kori 6, hapo inatosha.

Mbuna wa Ziwa Nyasa nawapenda sana ila hapa hapana, ni wakali, wanafukua mimea na wanataka maji magumu (yenye madini mengi). Samaki wa gapi je? Chukua madume tu, ukichanganya na majike watajaza tanki.