Wanandoa wakija kwa mchungaji: usikubali kufanywa hakimu

Wachungaji wenzangu, na ninyi wainjilisti mnaohudumia mtaa mzima peke yenu: wanandoa wakikorofishana, mara nyingi mnatafutwa kabla ya mshenga. Mimi ni mchungaji hapa Dodoma, katikati ya wiki nakaa na familia zenye migogoro, na nafundisha wanafunzi ushauri wa kichungaji. Ninalolirudia darasani kuliko yote ni kwamba hukuitwa kutafuta mkosaji.

Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza kwamba watu wawili wakielemewa na mvutano wao, humvuta mtu wa tatu. Hiyo aliiita pembetatu. Wa tatu anaweza kuwa mama mkwe au wifi. Mara nyingi ni mtoto: "Neema, kamwambie baba yako chakula tayari," na baba mwenyewe amekaa hapo hapo sebuleni. Na anaweza kuwa wewe. Katika Luka 12 mtu alimtaka Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi, Yesu akakataa kufanywa mwamuzi wao. Isome sura hiyo kabla hujawafungulia mlango.

Usiwasikilize uwanjani baada ya ibada. Wape siku na saa, waje wote wawili. Ondoa meza katikati, weka viti vitatu vyenye kimo kimoja, na simu zizimwe, ya kwako ikiwa ya kwanza.

Kabla ya kuwaketisha pamoja, zungumza na kila mmoja peke yake kwa muda mfupi na umuulize waziwazi: "Unamwogopa mwenzako? Amewahi kukupiga au kukutishia?" Jibu likiwa ndiyo, usuluhishi wa pamoja usimame. Mwanamke anayeogopa kupigwa akirudi nyumbani hawezi kusema kweli mbele ya mumewe, na ukimlazimisha umemwongezea hatari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Msindikize kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apate PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Mtoto akiumizwa, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na tafadhali, usimwambie mtu mwenye jeraha "vumilia, beba msalaba wako." Neno hilo limezika watu.

Pasipo na hofu ya namna hiyo, weka mpaka mapema: "Mama Neema, utakayoniambia leo, nitakusaidia uyaseme mwenyewe mbele ya Baba Neema. Sitayabeba mimi." Kisha ndipo kikao kianze.

Mmoja aseme kwa dakika kumi, mwenzake asikatize. Akimaliza, mwenzake arudie alichosikia. Asijibu, arudie tu. Wengi hapa hukwama. Mke anasema, "Niliumia uliposhindwa kuniuliza kuhusu hela ya zabibu," na mume anarudia, "Anasema mimi mwizi." Usimkemee. Mwambie, "Baba, jaribu tena kwa maneno yake." Nimeona mtu akirudia mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ikashuka, kwa sababu ndipo alipomsikia mkewe.

Kikao cha pili, tandika karatasi ya manila na mchore familia zao kwa vizazi vitatu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa menomeno palipo na ugomvi. Uliza nani alilelewa na bibi, mahari ililipwa na nani, nani alishika fedha nyumbani. Chukua hiyo hela ya zabibu. Mume amempa kaka yake nusu ya mauzo bila kumwambia mkewe. Mnapochora inaonekana baba alifariki watoto wakiwa wadogo, na kaka huyo ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Upande wa mke, mbuzi wa mama yake walikuwa wakiuzwa, naye anaambiwa wakishauzwa. Mume analipa deni la heshima, mke anaona yaliyompata mama yake yanajirudia kwake. Sasa mna jambo la kupanga: kaka apewe kiasi gani, na uamuzi ufanyikeje wawili wakiwa mezani. Waache wapange wao. Ukitaja kiasi wewe, wakigombana kesho watasema ni cha mchungaji.

Wapo watakaofikia kutaka talaka. Waeleze kwamba kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza likathibitisha limeshindwa. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 101 cha Sheria hiyo ya Ndoa. Kama baraza ni la kanisa lako na ulikuwa unawashauri, mimi nasema usikae kwenye baraza hilo. Huwezi kuwa mlezi leo na mwamuzi kesho.

Ukiona mmoja hali wala halali kwa wiki, anasema afadhali afe, hapo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sisi wa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si upungufu wa imani. Maombi yaendelee na dawa zimezwe.

Daftari la vikao lifungiwe kwa ufunguo, bila majina kamili. Mahubiri yasiguse kisa chao hata ukibadilisha majina, maana mtaani watu wanajuana. Na Jumapili wakipita mlangoni, wasalimie kama unavyosalimia wengine wote. Habari za nyumbani utaziuliza siku ya kikao.